Dawa ya Ugonjwa Ambao Haujafika

Kraaa! Hivyo ndivyo kile kitambaa cha mashine ya presha kilivyolia sista alipokibandua mkononi mwangu, kama mtu anayepasua leso mpya kwa hasira. Akakifunga tena. Fyu, fyu, fyu, akapuliza, mkono ukabanwa, hewa ikashuka ikinong'ona, halafu kraaa! Mara ya kwanza tulikuwa tukiongea juu ya bei ya nyanya. Mara ya pili akanyamaza. Mara ya tatu hakuniangalia usoni. Mimi, na mimba yangu ya kwanza ya miezi saba, nilidhani mashine ni mbovu. Nilimhurumia sista kwa kupewa kifaa kibovu na bado anavumilia kazi.

Sikuwa mjinga, ila nilikuwa nimesifiwa sana. Nimezaliwa Kabati upande wa Kitui, nikaolewa Mukuyuni, Makueni, na kwetu kote bibi arusi akinenepa ni heshima ya mume. Miguu yangu ilipovimba hadi viatu vikakataa, wamama wa kanisa walimpongeza mume wangu. Uso ulipovimba, wakasema mimba imenipenda. Mama mkwe alikuwa akinishika shavu mbele ya wageni kama anauza ng'ombe. "Muone! Huyu hali majani kwangu."

Kichwa nacho kikaanza kuniuma. Nikaambiwa nawaza mume sana, kwa kuwa yeye ni fundi wa magari Emali na huja nyumbani Jumamosi tu. Nikakubali, maana kweli nilikuwa namuwaza. Kisha nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho mchana kweupe. Hapo kosa ni langu mwenyewe. Mimi ni mtu wa ndoto. Niliacha shule kidato cha pili, lakini kichwani nina duka la keki Emali, pale wasafiri wa Mombasa wanaposimama kunyoosha miguu, na duka hilo lina taa za kuwakawaka mlangoni. Nilipoona vile vimulimuli nilisema moyoni: hizo ndizo taa zangu, Mungu ananionyesha mapema. Mtu mwingine angeenda hospitali. Mimi nilikaa chini nikachagua rangi ya ukuta.

Siku ya ile kraaa mara tatu sikurudi nyumbani. Nilipelekwa hospitali kubwa, nikadungwa sindano kadhaa, mwili ukatetemeka, na kuanzia hapo sikumbuki mpangilio. Nakumbuka mama mkwe amesimama mlangoni, mkono mdomoni, akiona kila kitu. Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka kimya akabaki kimya.

Kwetu Wakamba, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mama mkwe alikuwa amengoja jina lake liitwe uani kwa sauti ya kitoto, na tayari alikuwa ameshona kofia. Hakunilaumu hata siku moja. Alinipikia uji wa wimbi wiki nne, akaniosha mgongo, na ile kofia sikuiona tena.

Ilipita kama mwaka mmoja na nusu, nikashika mimba tena. Safari hii sikungoja kusifiwa. Hata miezi mitatu haijatimia nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, kijitabu mapajani, nimechana nywele kama naenda kuomba kazi. Daktari alikuwa msichana mdogo, viatu vya raba, sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele wadogo zake. Aliuliza yote: mara ya kwanza ilikuwaje, nina vidonda vya tumbo, nina pumu, kuna damu inayotoka. Kisha akaandika.

"Mama, ile presha ya mara ya kwanza inaweza kurudi. Hatutaingoja ibishe hodi. Nakupa aspirini."

"Lakini daktari, kichwa hakiniumi."

"Najua hakikuumi. Hii si ya kichwa. Hata ni ndogo kuliko ile ya kichwa. Inasaidia damu ipite vizuri kwa kondo, pale mtoto anapopatia chakula. Kimoja kila jioni baada ya kula, mpaka mimi nikwambie wacha."

"Na presha haitakuja kabisa?"

"Inapunguza hatari. Si uchawi. Kwa hivyo kliniki usikose hata moja. Na kichwa kikiuma sana, ama uone vimulimuli, usiulize jirani. Kuja."

"Na kama ni taa za duka?"

Aliniangalia vile mtu anaangalia mbuzi aliyeingia kanisani. "Taa gani?"

"Hakuna. Nitakuja."

Akanipa pia kalsiamu, vidonge vikubwa kama vipande vya chaki, akasema hivi nivimeze saa tofauti na vile vya kuongeza damu. Nilienda nyumbani na dawa nyingi kuliko mtu mgonjwa, nami nilikuwa mzima kabisa. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Lazima nieleze jambo moja kwanza. Katika mimba zote mbili nilikula mawe. Yale mawe meupe ya wajawazito, yanauzwa sokoni Mukuyuni kando ya vitunguu, kwa kopo. Nilikuwa natembea nayo kwenye mfuko wa aproni nikitafuna kra kra kra kama punda. Hakuna aliyeniuliza yametoka machimbo gani. Hakuna aliyeuliza kama yatamdhuru mtoto. Mama mkwe mwenyewe alikuwa akininunulia, anachagua yaliyo laini. Lakini jioni ya kwanza nilipotoa kidonge kidogo kuliko punje ya mtama nikakimeza na maji, kijiko cha mama mkwe kilisimama hewani.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Mwaitu," nikasema, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. "Ni ya kuzuia presha."

"Uko na presha?"

"Sina."

"Sasa unazuia nini?"

"Isije."

Akatafuna isyo yake polepole, mahindi na maharagwe yakapata muda wa kutosha. "Mwana wakwa, mimi nimezaa sita. Sikumeza dawa ya kitu ambacho hakipo. Ukikaa mlangoni kila jioni ukiita mgeni, siku moja ataitika."

Baba mkwe aliongeza sauti ya redio. Huo ndio mchango wake katika mambo yote ya uzazi.

Nilimeza jioni ya pili, na ya tatu. Mama mkwe hakunikataza. Kwetu mtu mzima hakukatazi kitu alichokupa daktari. Anakuangalia tu ukimeza, halafu anapumua kwa pua.

Alhamisi chama cha wamama kilikutana kwetu. Jua la Mukuyuni mwezi ule lilikuwa linachoma hadi kuku wamelala wamefungua midomo. Mama mchungaji aliingia ameshika kipaji cha uso, akaanguka kwenye kiti. Mama mkwe akasema kwa sauti tamu: "Mwana wakwa, hebu mletee mama mchungaji kile kidonge chako. Jua limempiga."

Ungefanya nini? Mgeni yuko kwenye kiti, mkono uko kichwani, na wamama wanane wananiangalia waone nimelelewa wapi. Kabati ingeaibika. Nilienda nikaleta. Cha kwanza nilikitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na maji ya kusindikiza, na nikapiga goti kidogo.

Kumbe nilikuwa nimefungua duka. Jirani akija kuomba chumvi, goti linamuuma, anapewa kimoja. Anayetoka kulima, mgongo, viwili. Mama mkwe hakuningoja tena mimi nilete. Alijua mkebe wa majani ya chai ninamoviweka, akawa anainuka mwenyewe na ukarimu ambao sikuwa nimeuona hata kwa sukari. Nilikuwa narudi kutoka kisimani nakuta pakiti imekonda. Mimi mtu wa ndoto, nilikuwa najiambia labda nimehesabu vibaya, hesabu haikuwahi kunipenda.

Mbaya zaidi ni kwamba wagonjwa hawakuridhika. Mama mchungaji alinishika mkono baada ya ibada, mbele ya watu.

"Dada, hizo dawa zako ni chokaa. Nimekunywa tatu, kichwa kiko palepale."

"Si za kichwa, mama. Ni ndogo. Ni za..."

"Na sasa tumbo linawaka moto. Nilikuwa nacheua wakati wote wa maombi, watu wakadhani ni roho."

"Una vidonda vya tumbo?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Basi mama, hizi si zako. Daktari huuliza kwanza!"

"Hakuna mtu aliniuliza," akasema, kana kwamba kosa ni langu kwa kuwa nilipiga goti badala ya kuuliza. Na pengine ni kweli.

Hukumu ikasambaa sokoni: ile dawa ya mke wa fundi haiondoi hata kichwa, sasa itazuiaje presha? Watu waliila bure, wakailaumu bure, na bado walirudi Alhamisi iliyofuata kuona kama mzigo mpya umeingia.

Kisha jioni moja, mimba imeingia mwezi wa tano, nikafungua mkebe nikakuta majani ya chai tu. Kliniki ilikuwa bado siku kumi. Nilimpigia mume wangu Emali. Nyuma yake lori lilikuwa linanguruma.

"Si ununue dukani? Aspirini ni aspirini!"

"Hata spana ni spana?"

Fundi huwezi kumwambia spana ni spana. "Basi usinunue ovyo," akasema. "Enda kwa daktari."

Nilijidanganya siku tatu kwamba nitaenda kesho. Sababu ya kweli ilikuwa aibu. Ningemwambia nini yule msichana wa viatu vya raba? Siku hizo tatu nilikuwa nikiamka na kushika tumbo kabla ya kufungua macho, nangoja litikisike. Likitikisika, namshukuru Mungu na kuinuka. Likichelewa, nalala palepale, naanza kukumbuka ule ukimya wa kwanza. Hata duka langu la keki sikuweza kuliota. Nikijaribu, taa zinazima.

Siku ya nne nilikwenda. Daktari alifungua kijitabu, akaangalia tarehe, akaniangalia.

"Mama, hizi unazila kama njugu?"

"Zimeliwa na kanisa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akanifunga kitambaa mkononi mwenyewe. Nilifumba macho nisione uso wake. Presha ilikuwa nzuri. Mkojo ulikuwa safi.

"Umekosa siku ngapi?"

"Tatu."

"Endelea leo jioni. Kimoja tu, usimeze vitatu kulipia. Lakini mama, nisikilize. Dawa hii inafanya kazi ikiwa ndani yako. Ikiwa ndani ya mama mchungaji haikusaidii. Ni nani anazigawa?"

Sikumtaja. Mtu amekuosha mgongo wiki nne, huwezi kumshitaki kwa msichana wa viatu vya raba.

Nilirudi na pakiti mpya nikaificha kwenye gunia la unga. Siku ya pili niliikuta imerudi kwenye mkebe wa chai, imepanguswa unga, na vidonge viwili havipo. Hapo sasa nilielewa kwamba huu si ukarimu. Ukarimu hauchimbi unga.

Kesho yake tulikuwa ghalani mimi na yeye, tukifungasha ndengu mpya. Alikuwa anamwaga ndengu kwenye turubai, ananyunyiza ile poda ya wadudu, kitambaa kimefungwa puani, anageuza kwa koleo kwa uangalifu wa mtu anayekanda unga wa harusi. Mimi nilikaa mbali karibu na mlango, kwa sababu hataki mjamzito avute ile poda.

"Mwaitu, zile dawa zangu. Kuna nani aliumwa na kichwa jana?"

Koleo likaendelea.

"Mwaitu."

"Hakuna," akasema ndani ya kitambaa. "Nilizitupa chooni."

Nilikuwa nimejitayarisha kusikia uongo.

Akashusha kitambaa. Alikuwa na poda kwenye kope. "Mimi nilikuwa pale mlangoni. Mtoto alikuwa anacheza tumboni asubuhi, uliniambia mwenyewe. Tukafika, wakakudunga. Wakakudunga tena. Saa ileile mtoto akawa hakuna. Mimi sijasoma, lakini macho ninayo. Dawa iliingia, mjukuu wangu akatoka. Sasa unaniletea dawa nyumbani, unaimeza mbele yangu kila jioni, na mimi nipitishe chumvi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikukataze kitu cha daktari? Halafu kikiharibika useme ni mama mkwe? Nikaona heri zigawanywe. Watu wazima haziwezi kuwaua." Akafikiri kidogo. "Mama mchungaji nilimhurumia."

Mwaka mzima na nusu mimi nilidhani anasikitikia jina lake. Kumbe alikuwa amebeba kesi nzima ya mauaji peke yake, shahidi yeye, hakimu yeye.

Sina maneno ya daktari. Niliangalia yaliyokuwa mbele yangu.

"Mwaitu, hizi ndengu zina wadudu?"

"Wadudu! Ndengu zangu? Zimetoka shambani juzi."

"Sasa unawekea dawa ya nini?"

"Wasije."

Akasikia alichosema. Koleo likasimama, lakini nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza ningeshindwa.

"Na ukingoja mpaka usikie wakitafuna ndani ya gunia, ndiyo utie?"

"Utakuta unga mtupu. Na matundu."

"Ukitia poda siku hiyo, asubuhi ukikuta ndengu zimekwisha, ni poda imezimaliza?"

Alikaa juu ya gunia. Kuku wakaingia wakaanza kudonoa ndengu zenye dawa, nikawafukuza, akawa hajasogea.

"Ile sindano," akasema mwishowe, "ilikuja na gunia limeshatobolewa."

"Ndiyo, Mwaitu. Nilikuwa nimevimba miezi miwili. Nilikuwa naona taa."

"Na mimi nilikuwa nakushika shavu."

Alijifunga kitambaa tena hadi juu ya macho, na akakaa hivyo, na mimi nikaangalia nje.

Nitaeleza yaliyofuata bila kuficha, kwa sababu sikuyaombea. Mama mkwe aliokoka upya, na dini yake mpya ilikuwa aspirini. Saa moja jioni sahani ikiwa bado na mchuzi, alikuwa ananiwekea kidonge kwenye kifuniko cha chupa, na hanipi mgongo mpaka nimeze na nifungue mdomo aone. Kliniki alikuja nami kila mara, akakaa mbele, akamwambia daktari anapuliza mashine haraka sana. Jirani mwenye goti alipokuja kuomba chumvi, alipewa chumvi. "Na kile kidonge?" "Kidonge ni cha mtu na daktari wake. Goti lako limemuona daktari gani?"

Alhamisi alikihutubia chama. Alisimama na konzi ya ndengu mkononi akawaeleza habari ya magunia, poda na wadudu, mpaka mama mchungaji akasema Amina kabla ya kuelewa. Tangu siku hiyo, mimba ikionekana tu Mukuyuni, mama mkwe anaenda kumuuliza mwenyewe kama amepimwa presha, na kama mtu amevimba uso hamsifu, anamtafutia pikipiki. Wengine wanasema amekuwa msumbufu. Anasema wadudu pia husema hivyo.

Wiki ya thelathini na sita daktari aliniambia niache vidonge. Mama mkwe alibishana naye. Alitaka tuendelee hadi mtoto aende shule.

Presha ilipanda kidogo mwishoni, kidogo tu, na kwa kuwa walikuwa wananiangalia kila wiki, waliona mapema wakanilaza. Sitadai dawa ilifanya kila kitu. Daktari alishasema si uchawi. Lakini mtoto alilia. Alilia kabla hajatoka vizuri, kwa hasira, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni.

Alikuwa mvulana.

Mama mkwe alimfungua nguo, akaangalia, akafunga, akafungua tena kuhakikisha. Miezi yote ile ya kulinda mkebe, kubishana na daktari, kuhutubia chama, na jina likaenda kwa baba mkwe, ambaye mchango wake ulikuwa redio.

"Sawa," akasema. Akampa mjukuu mate ya baraka kifuani. "Sawa tu. Nimezaliwa nikingoja." Kisha akanigeukia, macho yamejaa, mdomo unacheka. "Lakini wewe usikae sana."

"Mwaitu! Hata sijatoka kitandani!"

"Nimesema tu. Ndengu huwekewa dawa mapema." Akachukua thamosi akaenda kunitafutia uji, akimwambia kila mtu koridoni kwamba ni wa kiume, kana kwamba alikuwa ameagiza.

Wodi ikatulia. Mama wa kitanda cha pili alikuwa amelala akiangalia ukuta. Mwanangu alikuwa kando yangu, ngumi mbili chini ya kidevu, anapumua haraka haraka. Niliangalia mlangoni, hapakuwa na mtu. Nikajivuta taratibu, mshono unauma, mpaka mdomo wangu ukafika sikioni mwake, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba ana dada.